Free na Freed: Herufi Moja Iliyotuchelewesha Mobeni

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, chama chetu hubandika ukutani picha na maelezo mafupi, na safari hii tuliamua maelezo yawe kwa lugha mbili. Kiingereza tulikwisha kukiandika wenyewe muhula uliotangulia. Kilichobaki ni kukigeuza kuwa Kiswahili. Tukakutana Jumamosi asubuhi Mobeni Heights, kusini mwa Durban, katika chumba alichopanga mwenzetu kutoka Tanga, tukiwa watu saba na birika moja la chai. Tulitarajia kumaliza kabla ya adhuhuri.

Tulimaliza magharibi. Kilichotuchelewesha ni sentensi moja chini ya picha ya saba: "The Zanzibaris of Durban are freed slaves." Dada aliyekuwa akiandika aliitafsiri bila kusita: "Wazanzibari wa Durban ni watumwa walioachwa huru." Alikuwa ameshaanza picha ya nane pale mwenzetu mmoja, ambaye kwao ni Bayview, Chatsworth, na ambaye ni mmoja wa hao hao Wazanzibari, alipoweka kikombe chini na kuuliza: "Dada, mimi nina miaka ishirini na mmoja. Ni nani aliyeniacha huru, na lini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Wapenzi wasomaji, makala hii ni jibu tulilolitafuta siku nzima. Linahusu maneno mawili ya Kiingereza yanayotofautiana kwa herufi moja tu, na namna ya kuyavusha kuja kwenye Kiswahili bila kumzamisha mtu njiani.

Mahali pa miwa

Tuanze na mahali tulipokuwa, maana napo pamo ndani ya habari hii. Mobeni ya leo ni viwanda, maghala na malori, lakini jina lake ni la shambani. Kwa Kizulu muwa ni umoba, na emobeni ni "kwenye miwa". Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Wazulu husema abantu, sisi husema watu. Wao ababili, sisi wawili. Wao umoba, sisi muwa. Hata ile -ini yao ya mahali ni ndugu wa -ni yetu. Kwa hiyo Mobeni ikivaa kanzu ya Kiswahili inakuwa Miwani. Mwenzetu kutoka Kenya alicheka aliposikia hivyo, kwa sababu Miwani anaijua: ipo karibu na Kisumu, palipoanzishwa kiwanda cha sukari mwaka 1922.

Miwa ndiyo iliyofanya Natal iwe na njaa ya wafanyakazi. Meli ya kwanza ya vibarua wa mkataba kutoka India, iliyoitwa Truro, ilitia nanga Durban mwezi Novemba 1860. Mwaka 1866 uletaji wa vibarua hao ulisimama, ukaanza tena mwaka 1874. Katikati ya pengo hilo wenye mashamba walilalamika kwamba hawana watu wa kutosha.

Wakati huo huo, huko Zanzibar, mambo yalikuwa yanabadilika. Mwanzoni mwa 1873 mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alikwenda kumshinikiza Sultan Barghash, na tarehe 5 Juni mwaka huo Sultani alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi yenye watumwa, na kila jahazi lililokamatwa lilizua swali: watu hawa wapelekwe wapi? Wengine walipelekwa Bombay, wengine Ushelisheli, na baadaye wengine Frere Town karibu na Mombasa. Na wengine, kuanzia Agosti 1873, walishushwa Durban kutoka manowari Briton. Hadi kufikia 1880 walikuwa wamefika watu takriban 500. Wengi wao walikuwa Wamakhuwa wa kaskazini mwa Msumbiji. Jina la Wazanzibari walilipata kwa sababu ya bandari waliyopitishwa.

Waliposhuka hawakuambiwa waende watakako. Waliandikishwa mkataba wa miaka mitano na kugawiwa waajiri. Makaratasi ya Kiingereza yaliendelea kuwaita "freed slaves" katika miaka yote hiyo mitano. Tulipofika hapo ndipo tulipoona kwamba tatizo letu halikuanza kwenye Kiswahili. Lilianza kwenye Kiingereza, tukalibeba kama lilivyo.

Free: neno lenye nyumba kubwa

Tuchukue free kwanza. Ni kivumishi, kinaeleza hali, nacho kina vyumba vingi. Mtu anaweza kuwa "a free person", naye kwetu ni mtu huru. Chai ikiwa "free", kwetu ni ya bure. Rafiki akikuuliza "Are you free tomorrow?", anataka kujua kama kesho una nafasi. Na kinywaji "sugar-free", ambacho ni ajabu kidogo kukinywa mahali panapoitwa kwenye miwa, kwetu ni kisicho na sukari. Mwanafunzi anayeandika "huru" kila anapoona free atajikuta ameuza chai huru.

Katika vyumba vyote hivyo, free haiulizi nani. Ukisema "she is free", huna haja ya kueleza nani alimfanya hivyo. Hata aliyezaliwa hivyo anaitwa hivyo hivyo. Neno hili hukubali pia kuongezewa kiwango: unaweza kusema "very free", na unaweza kusema huyu ni "freer" kuliko yule.

Asili yake ni tamu zaidi. Wanaofuatilia historia ya Kiingereza wanatuambia kwamba free inatokana na mzizi wa kale uliohusu kupenda na kuwa mpendwa, na kwamba friend, rafiki, limetoka kwenye mzizi huo huo. Watu "free" wa nyumba walikuwa jamaa wa nyumba, wale wapendwa wenye ukoo, tofauti na watumwa waliolala chini ya paa hilo hilo. Kwa hiyo hapo mwanzo kuwa free hakukuwa kuishi bila minyororo tu. Kulikuwa ni kuwa na watu wako.

Freed: neno lenye watu wawili

Sasa tuongeze herufi moja. Freed limetoka kwenye kitenzi "to free", na d yake ya mwisho inatuambia kwamba kuna jambo lilitendeka na likaisha. Vyumba vingi vinafungwa papo hapo. Hakuna "freed tea", wala hakuna anayeuliza "Are you freed tomorrow?" Huwezi kusema "very freed" pia, kwa sababu tendo halina zaidi na kidogo: ama limetendeka ama halijatendeka.

Na ndani ya freed wamo watu wawili daima. Yupo aliyekuwa amefungwa, na yupo aliyefungua. Ukisema "freed", msikilizaji ana haki ya kuuliza maswali matatu: alitolewa wapi, na nani, na lini? Ndiyo maana Kiingereza husema "freed by the navy" lakini hakisemi "free by the navy". Neno hili humbebea mtu historia yake mgongoni hata pale asipotaka, na humwekea pembeni mfadhili hata pale asipotajwa.

Waingereza na Wamarekani wenyewe waliijua tofauti hii vizuri. Freeman, katika miji ya Uingereza, alikuwa mtu mwenye haki kamili za mji. Freedman ni mtu aliyeachiwa utumwani. Marekani ilipounda idara ya kuwahudumia waliotoka utumwani mwaka 1865, iliitwa Freedmen's Bureau, na d ilikuwa hapo katikati. Lakini watu weusi waliotoka Nova Scotia na kuanzisha mji Sierra Leone mwaka 1792 hawakuishi mahali panapoitwa Freedtown. Mji ni Freetown. Baadaye manowari zilipoanza kushusha katika mji huo huo watu waliotolewa kwenye meli za watumwa, hao waliandikwa kwenye vitabu kama "Liberated Africans". Mji mmoja, na maneno mawili: la kwanza lilieleza hali, la pili likaeleza tendo la mtu mwingine.

Tena tendo hilo lilikuwa na masharti. Sheria ya Uingereza ya 1807 iliyopiga marufuku biashara ya watumwa iliruhusu watu waliookolewa waingizwe jeshini, au wawekwe chini ya mabwana kama wanagenzi kwa muda uliofika hadi miaka 14. Miaka mitano ya Natal ilifuata njia hiyo hiyo. Mtu angeweza kuwa "freed" asubuhi na kuwa chini ya bwana mpya jioni, na sarufi ya Kiingereza isilalamike.

Kiswahili chetu kinasemaje?

Hapo mjadala ulihamia nyumbani. Dada mwandishi alijitetea kwamba "walioachwa huru" ni Kiswahili sanifu, na kweli ni sanifu. Lakini mwenzetu kutoka Bukavu akasema neno kuachwa lina kivuli. Mke huachwa, mtoto huachwa njiani, abiria huachwa na basi. "Ukinipeleka mbali na kwetu halafu ukaniambia umeniacha huru," alisema, "mimi nitasikia neno la kwanza kabla ya la pili."

Tukarudi nyuma zaidi. Huru ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili cha zamani cha pwani lilikuwa na jirani yake: mwungwana. Wote wawili si watumwa, lakini hawakuhesabiwa sawa. Mwungwana ni aliyezaliwa hivyo, mwenye ukoo unaojulikana. Mtu huru angeweza kuwa yule aliyeachiliwa na bwana wake jana. Tazameni, hiyo ni freeman na freedman, tena katika Kiswahili, na zilikuwepo kwetu bila kumngoja Mwingereza. Methali yetu hata ilizipanga kwa dharau: ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Mja wa methali hiyo ni mtumwa.

Lakini maneno hayakai yalikopandwa. Wapagazi wa misafara iliyotoka Zanzibar kwenda bara katika karne ya 19, ambao wengi kwa sheria ya wakati ule walikuwa watumwa au watu waliotoka utumwani, walijulikana kama Wangwana. Walilichukua jina la waliozaliwa huru wakalivaa, wakatembea nalo hadi Kongo. Kiswahili cha huko kikaitwa Kingwana, na leo Durban ina Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili chenye babu huyo. Na mwungwana wa leo, hapa na Dar es Salaam na Mombasa, ni mtu mwenye adabu tu. Hakuna anayekuuliza babu yako alizaliwa wapi. Nusu ya pili ya methali imeshinda nusu ya kwanza.

Kisha tukaangalia vitenzi, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina. Kiingereza kina freed moja tu. Sisi tuna kauli ya kutendwa: mlango umefunguliwa, maana yake yupo aliyeufungua. Na tuna kauli ya kutendeka: mlango umefunguka, na hakuna anayelazimika kutajwa. Halafu tuna ji-: kukombolewa ni jambo moja, kujikomboa ni jingine kabisa. Ndiyo maana wazee wetu hubishana mpaka leo kama Tanganyika ilipewa uhuru mwaka 1961 au iliupata. Ubishi huo ni wa kisarufi kama ulivyo wa kisiasa.

Mwenzetu Mzulu, ambaye yuko mwaka wake wa kwanza wa Kiswahili, akatuongezea jambo ambalo sisi wageni hatukulijua. Uhuru kwa Kizulu ni inkululeko, neno linalosikika kote kila tarehe 27 Aprili. Limetoka kwenye khulula, kufungua au kuachilia, lakini limepitia khululeka. Ile -ek- ndiyo -k- yetu ya funguka. Kwa hiyo katika neno lenyewe la uhuru wa nchi hii hakuna mfadhili aliyefichwa. Kuna watu waliofunguka.

Hoja ya upande wa pili

Msifikiri wote tulikubaliana. Mwenzetu kutoka Mombasa alipinga kwa nguvu, na hoja yake tunaiheshimu. Alisema: tukiandika "watu huru" tu ili kumridhisha kila mtu, tutakuwa tumefuta dhambi. Watu hawa hawakusafiri kwa nauli zao. Waliibwa, wakatembezwa, wakauzwa, wakapakiwa. Freed, kwa ubaya wake wote, angalau inashuhudia kwamba kulikuwa na utumwa. Na akaongeza jambo lililotunyamazisha: baadhi ya wale waliowauza na kuwapakia walikuwa wakisema lugha hii tunayoisherehekea tarehe 7 Julai. "Chama cha Kiswahili," alisema, "kisiwe cha kwanza kusahau."

Hapo tukaona kwamba kosa la sentensi yetu halikuwa moja. Yalikuwa matatu. Kwanza, "are": tulichukua jambo la 1873 tukalifanya sifa ya kudumu ya mtu wa leo. Pili, "slaves": freed ilipamba tu, nomino ikabaki mtumwa, kwa hiyo hata baada ya kuachiwa mtu alibaki mtumwa wa aina fulani. Tatu, "freed": tulimtaja mfunguaji kwa kificho, na wafungaji hatukuwataja kabisa, wala wa kwanza pwani wala wa pili Natal.

Kutoka dirishani

Dirisha la chumba kile linatazama mashariki. Mwenzetu wa Bayview alisimama akatuonesha mgongo wa kilima cha Bluff, kule kando ya bahari. Huko, mahali paitwapo Kings Rest, ndiko wazee wake walikojenga makazi baada ya mikataba kwisha, katika ardhi iliyowekwa wakfu na Waislamu wa Durban. Walikuwa na msikiti, makaburi, Kimakhuwa chao cha nyumbani na Kiswahili kidogo. Wenzao Wakatoliki nao walikuwa hapo hapo Bluff, karibu na misheni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi wa rangi ililitangaza eneo lile kuwa la Wazungu chini ya Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950. Wazanzibari waliwekwa katika daftari la rangi chini ya kundi la "Other Asiatic", Waasia Wengine, ingawa wazee wao walitoka Msumbiji. Uainishaji huo wa ajabu uliwapa nafasi ya kuhamishiwa Chatsworth, mji uliotengewa Wahindi, badala ya kutawanywa kwenye vitongoji vya Waafrika. Lakini kuhamishwa ni kuhamishwa. Tazama tena kile kiambishi: -w-. Kutoka Bluff mashariki hadi Chatsworth magharibi, Mobeni iko katikati.

Kwa hiyo watu walioitwa "freed" mwaka 1873 walifungwa mkataba, wakaumaliza, wakajijengea mahali pao, wakaondolewa. Kama free ya kale ilikuwa kuwa na watu wako, basi waliupata uhuru huo kwa mikono yao Kings Rest, na hakuna manowari iliyowapa.

Tulichoandika

Magharibi tulikuwa na maelezo mapya. Ni marefu kuliko ya picha nyingine, na tumeyaacha hivyo:

"Wazee wa jamii hii walitekwa na kuuzwa, wengi wao kutoka nchi ya Wamakhuwa kaskazini mwa Msumbiji. Kuanzia 1873 manowari za Kiingereza ziliwaleta Durban, na serikali ya Natal ikawafunga mkataba wa miaka mitano. Walipoumaliza, walijenga Kings Rest. Utawala wa ubaguzi uliwahamisha. Wajukuu wao ni watu wa Durban."

Mtaona kwamba huru haimo, wala watumwa hawamo. Vitenzi vimebeba yote, na karibu kila kitenzi kina mtendaji wake. Kiingereza nacho tulikiandika upya, kwa kuwa kosa lilikuwa la kwetu tangu mwanzo.

Kwa wenzetu mnaotafsiri, tunawaachia mazoea matatu tuliyoyapata siku ile. Mkiona free, ulizeni ni ya chumba gani: huru, bure, nafasi, au kisicho na. Mkiona freed, ulizeni nani alifungua, nani alikuwa amefunga, na nini kilifuata kesho yake. Kama sentensi ya Kiingereza haisemi, tafuteni kabla ya kuandika -w-. Na mkitafsiri habari za watu walio hai, waulizeni.

Hilo la mwisho tulilifanya kwa kuchelewa. Mwenzetu alimpigia simu bibi yake Bayview akamsomea maelezo, kwanza kwa Kiingereza, kisha polepole kwa Kiswahili. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaomba badiliko moja tu. Kichwa cha picha kilisema "Wazanzibari". Akataka kitanguliwe na "Amakhuwa", kwa sababu, alivyomwambia mjukuu wake, lile la kwanza ni jina la bandari, na hili ni jina la nyumbani.

Tukalibadilisha. Kisha tukaosha vikombe, tukashuka kutafuta teksi.